Mume Wangu na Vidudu vya Mudende

Ngara, 6 Agosti 2025

Baba Kirezi,

Jana umenikatia simu. Juzi nilikukatia mimi. Kwa mwendo huu tutamaliza vocha bila kumaliza neno, na hicho kitochi chako hakipokei hata picha. Kwa hiyo nimechana karatasi kwenye daftari la mwanao, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mama, na barua hii nampa Twahir, yule dereva wa lori anayevuka mpaka wa Rusumo kuja huko kwenu hadi Goma. Barua haikatwi katikati. Utaisoma yote, upende usipende.

Mama anaendelea. Nyonga inaunga polepole, na daktari hataki akanyage chini bila mtu wa kumshika. Mtu huyo ndiye mimi, na sijui lini nitaachiwa nirudi. Kirezi hajambo, amenenepa kwa maziwa ya bibi yake. Hayo ndiyo mazuri. Sasa tuje kwenye letu.

Claudette, jirani yetu, amenipigia. Hakutaka kusema, nilimlazimisha. Anasema kila Jumamosi alfajiri mwanamke mmoja anasimamisha pikipiki mlangoni kwetu Mbugangari, amevaa buti za mpira na kofia pana, na wewe unatoka na begi langu la kamera mgongoni unapanda nyuma yake. Nyuma yake, Janvier! Mwanamke anaendesha, wewe umemshika kiuno. Mnapandisha barabara ya Mudende, na mnarudi jua likiwa utosini, suruali yako imejaa udongo magotini.

Magotini.

Nilipokuuliza ulisema, "Tunaenda kupiga picha vidudu." Vidudu gani? "Vya viazi." Nikacheka, ukakata. Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nilikuwa mpiga picha kabla hujanioa. Nimepiga harusi za Nengo, nimepiga maharusi ufukweni upepo ukitaka kuondoka na shela, nimepiga paspoti za nusu ya soko. Miaka yote hiyo nilikuomba unishikie taa tu, ukasema mkono wako ni wa injini za boti na kamera inakutia usingizi. Ziwa likifungwa kwa wavuvi ili dagaa wa sambaza wakue, wewe ulikuwa mtu wa karata na kulala. Mwaka huu ziwa limefungwa, mke hayupo, na kamera imekuwa tamu. Nani kaitia sukari?

Nilikuachia studio upige picha za vitambulisho: ukuta mweupe, mtu akae wima, ubonyeze. Basi.

Nijibu kwa karatasi. Na uandike kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda nakisema vizuri ila kukisoma katika mwandiko wako ni adhabu.

Mke wako, mpaka nisikie vingine,
Kabatesi


Gisenyi, 14 Agosti 2025

Mama Kirezi, muke wangu,

Twahir amenipa barua yako. Nimeisoma mara ya kwanza nikakasirika, nimeisoma tena nikacheka juu ya ile sukari. Salimia mama sana, umwambie asikimbize muguu.

Bon. Mi si mutu wa kuandika, lakini nitakuelezea namna ilianza.

Ule mwanamuke anaitwa Denyse. Ni agronome, mutaalamu wa mimea, anafanya kazi na koperative ya viazi kule Mudende. Siku moja aliingia studio na jani ya kiazi ndani ya chupa, akasema, "Nani anapiga picha hapa? Nataka hivi vidudu vionekane vikubwa kama kuku." Nikamwambia muke wangu njo yeye anajua, mi ni mulinzi tu. Akasema, "Uko na mikono? Basi jaribu."

Nilijaribu. Yampayinka! Picha ya kwanza ilikuwa kijani tu, kama mutu amemwaga supu. Lenzi ukiikaribisha inakataa. Denyse akatafuta ndani ya simu yake, akakuta kama unaweza kutoa ile lenzi fupi na kuigeuza: mudomo ya mbele inaingia kwa kamera, mugongo inaangalia inje. Nikaifunga na skochi ya gundi. Usikasirike. Sikuikwaruza.

Na kweli, Kabatesi, ilikuwa kama mutu amefungua mulango. Kidudu kidogo kama punje ya chumvi, nikakiona kiko na miguu, na ile miguu iko na magoti, na mudomo kama sindano imezama ndani ya jani. Nilitoa jicho nikaangalia jani, sikuona kitu. Nikarudisha jicho, kiko pale kinakunywa.

Lakini ni kazi nguvu. Fokasi inakuwa nyembamba kama karatasi. Ukipata jicho ya mududu, mudomo umepotea. Ukipata mudomo, jicho limekimbia. Huwezi kuzungusha lenzi, unasogeza mwili wote polepole, unafunga pumzi, unabonyeza. Kaupepo kadogo tu, jani inakuwa boti ndani ya mawimbi. Flashi ilikuwa inachoma, nikakata dumu nyeupe ya mafuta nikaivalisha, mwanga ikakuwa laini. Hiyo niliikumbuka kwako, unavyowekaka kitambaa kwa bibi harusi.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu Mudende iko baridi, na vidudu vikisikia baridi havikimbie. Jua ikipanda, kwisha. Kwa nini magoti? Kwa sababu viazi haviote juu ya meza. Na kiuno sikushika, nilishika chuma ya nyuma ya piki. Claudette anaona sana.

Iko na kitu kingine. Kule juu kuna kadudu kabaya, keusi, kako na alama za machungwa, kama mamba mudogo. Wakulima wanakaua, wanasema kanakula viazi. Denyse anasema hapana, ule mamba ni mutoto wa mududu ule mwekundu wa madoa nyeusi, muviringo kama kifungo, na chakula yake ni vidukari, vile vya kijani vinanyonya majani. Ukimuua, umeua mulinzi wako mwenyewe. Lakini hawamuamini. Wanamujibu, "Mutoto gani hafanane na mama yake hata kidogo?" Donc anataka picha: mamba anajikunja, analala, anatoka mwekundu, mbele ya macho yao. Mukutano ya wakulima iko mwanzo wa mwezi wa kumi. Kazi hiyo amenipa mi. Mi, mutu wa injini!

Denyse iko na macho, weee. Anaona mududu kabla jani haijatikisika. Nimejifunza mingi kwake.

Nakutumia picha moja ya ule mwekundu. Nilimupiga nyuma ya nyumba, mi peke yangu. Angalia vizuri uniambie.

Mume wako,
Janvier


Ngara, 21 Agosti 2025

Janvier,

Jina la Denyse limo kwenye barua yako mara nyingi kuliko langu. Kirezi ndiye aliyehesabu. Nilimwambia ni zoezi la shule.

Kwanza picha, maana umeniuliza. Mguu wa mbele umekatwa na ukingo. Jicho la kushoto kali, la kulia ukungu. Jani la nyuma lina mwanga kuliko mdudu mwenyewe, kwa hiyo mtazamaji anaangalia jani. Mteja wangu angenirudishia.

Pili, ile lenzi fupi ndiyo niliyompigia Kirezi siku alipozaliwa, na wewe umeifunga kwa skochi kama bomba linalovuja.

Tatu. Mama ana kioo cha kukuzia cha kusomea Biblia. Nilikiazima nikakaa mlangoni penye mwanga, nikamwangalia mdudu wako mgongoni. Mgongo wake unang'aa, hukuliona hilo? Unang'aa kama sufuria jipya. Juu kuna anga, kuna ukingo wa paa letu, na chini kuna vichwa. Nasema vichwa. Kimoja chako, nakijua, kimelala upande kama kawaida yako. Cha pili kina kofia pana, na kimeinama karibu yako mpaka vimegusana.

"Nyuma ya nyumba, mi peke yangu."

Nimekuwa nikisafisha picha za watu miaka yote hii. Najua mtu anavyokaa karibu na mtu asiye wake. Hukujua kwamba mdudu ni shahidi? Mimi niko huku namwogesha mama, namgeuza kitandani, napika, nafua, na uani kwangu, penye kamba yangu ya nguo, mwanamke mwingine ameinamia kamera yangu bega kwa bega na mume wangu, na tena ndiye anayekufundisha! Angalau angekuwa anakufundisha kitu nisichokijua. Uso wangu ungepona. Lakini picha, Janvier? Picha?

Ulipotaka kujifunza, mwalimu alikuwa analala kitanda kimoja na wewe.

Usiniandikie tena habari za magoti ya vidukari. Niandikie kofia ile ni ya nani na ilikuwa inafanya nini uani kwangu.

Kabatesi


Gisenyi, 29 Agosti 2025

Mama Kirezi,

Kofia ni ya Denyse. Alipita kuacha majani, akakuta niko kwa magoti, akashika ile dumu ya mwanga maana mikono yangu ilikuwa imejaa. Nilidanganya, ni kweli. Nilijua ukisikia Denyse aliingia uani utapandisha moto, nikasema niandike peke yangu, yaishe. Haikuisha. Ninakuomba musamaha kwa ule uongo, na kwa ule uongo tu. Kingine sina.

Sasa na mi niseme. Nilikutumia picha nikiwa na furaha kama mutoto. Nilingoja wiki nzima. Ukanijibu muguu umekatwa, jani inang'aa, muongo we. Hakuna hata neno moja nzuri, Kabatesi. Hata moja. Wateja wa vitambulisho unawaambiaka "umependeza" hata kama hawajaoga.

Uliuliza kwa nini sikujifunza kwako. Nakumbuka nilishika kamera yako mara moja, kwa harusi ya rafiki yetu Cedric. Ulininyang'anya mbele ya watu. Ukasema, "Leta, utaniharibia kazi." Watu walicheka, na mi nilicheka. Sikuishika tena. Denyse yeye hajue kupiga picha, anajua vidudu tu. Nikikosea hajue kama nimekosea. Tunangoja wote wawili.

Sasa nimepata mamba wawili wanakula vizuri, karibu watalala. Nitabaki kule Mudende hata siku mbili, kwa familia ya mukulima moja, nisikose kutoka kwao. Nakuambia mbele usiseme nilificha.

Claudette analeta chakula kila siku. Nimemukataza, anasema we njo ulimutuma. Asante lakini inatosha.

Mume wako,
Janvier


Ngara, 3 Septemba 2025

Dada Claudette,

Ulikuwa sahihi. Sasa anataka kulala huko huko Mudende, na amesema mwenyewe kwa maandishi, bila aibu.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo wangu wa akiba wa studio. Akirudi kutoka huko mlimani, ngoja atoke kwenda kunyoa au kanisani, uingie uchukue kamera na begi lake lote, uifungie kwako mpaka nije. Akikuuliza mwambie ni amri ya mwenye studio. Bila kamera tutaona huyo mama wa buti anamfuata kwa lipi.

Nisamehe kukutuma kazi ya namna hii. Huku sina mtu wa kumwambia. Mama nikimweleza atasema nimerithi wivu wa shangazi.

Rafiki yako,
Kabatesi


Mbugangari, 10 Septemba 2025

Mama Kirezi, mupenzi,

Nimefanya. Jumapili alienda misa ya pili, mi nikaingia. Kamera iko kwangu chini ya kitanda, imefunikwa na bulangeti, hakuna hata vumbi.

Alinifuata na macho nyekundu. Alifikiri ni wezi, alikuwa anaenda polisi. Nikamwambia, "Papa Kirezi, tulia, muke wako njo alisema." Akakaa chini pale kwa mulango. Akaomba nimupe kadi tu, ile kadogo ya ndani. Nilimupa, si nina roho.

Lakini nikuambie kama rafiki: mbele ya kumupa nilifungua nikaangalia, na nilifuta zote. Zote kabisa. Sikutaka ukuje uone vitu vya kukuumiza, ule mwanamuke na macheko yake. Mi naona hata kama ungekuwa hapa ungefanya hivyo. Sasa ni safi, unaanza mupya.

We baki na mama polepole, usiharakishe. Huku mi niko, ninaangalia nyumba. Anakonda, lakini nitamulisha.

Rafiki yako wa kweli,
Claudette


Gisenyi, 11 Septemba 2025

Kabatesi,

Kamera ni yako. Studio ni yako. Hapo sina neno, ungeniambia tu nirudishe, ningerudisha.

Lakini ile kadi. Nilikaa mbele ya jani moja toka baridi ya asubuhi mpaka jua kali. Ule mamba alikuwa amejigandisha kama kifungo ya koti. Akapasuka kwa mugongo. Akatoka. Na hakutoka mwekundu, Kabatesi! Alitoka muchungwa hafifu, laini, bila doa hata moja, kama kiini ya yai. Akasimama pale akikauka. Halafu madoa ikaanza kutoka ndani, moja, moja, polepole, kama picha zile za zamani zilikuwa zinatoka ndani ya maji. Mukulima na muke wake walikuja wakapiga magoti pembeni yangu. Yule mama, Mukagatare, alishika kichwa akasema kwa Kinyarwanda, "Nimeua watoto wa watu."

Nilikuwa nayo yote, mwanzo mpaka mwisho. Na hakuna mutu aliyenifundisha ile siku, ni mi na jani.

Claudette anasema we njo ulimwambia afute.

Mukutano iko karibu. Denyse ananiuliza, sijui nitamujibu nini. Nitarudi kwa boti ziwa ikifunguliwa. Usiniandikie habari ya picha tena.

Janvier


Ngara, 15 Septemba 2025

Janvier,

Soma hii haraka, usiichane.

Sikusema afute. Nilisema achukue kamera, na hilo nalibeba, lakini kufuta sikusema. Naapa kwa mama yangu aliyelala hapa.

Sasa nisikilize mimi mpiga picha, si mimi mke. Kadi iliyofutwa haijawa tupu. Picha zimo, ni majina yake tu yameondolewa, kama nyumba iliyong'olewa namba mlangoni. Zitakufa ukiandika kitu juu yake. USIPIGE HATA PICHA MOJA kwenye kadi hiyo. Usiitie kwenye kamera ya mtu, usimwonyeshe fundi wa mtaani. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, mpe Twahir mkononi. Hapa Ngara kuna Rugema mwenye duka la kompyuta, ana programu ya kuzifufua, nimeshaongea naye.

Nitaona kila kilichomo. Unajua hilo na mimi najua. Ukiwa na cha kuficha, basi usinitumie, nami nitaelewa.

Kabatesi


Ngara, 27 Septemba 2025

Baba Kirezi,

Twahir alinikabidhi kadi ndani ya kitambaa cha shati lako la bluu. Nilisubiri atoe na barua, akasema hakuna. Nimestahili.

Nilimwacha mama na jirani nikaenda kwa Rugema. Kompyuta yake ni kuukuu, ilikoroma asubuhi nzima, na zikaanza kurudi moja moja. Nilikuja nimejiandaa kwa vita. Hata kanga nilivaa ile ya maneno makali.

Kwanza zikaja kijani. Kijani, kijani, kidole chako, kijani, goti la suruali. Nilicheka mpaka Rugema akageuka. Halafu likaja jani lenye kitu kama mguu. Halafu mguu. Halafu jicho. Nimekuona ukijifunza, Janvier, kama ninavyomwona Kirezi kwenye madaftari yake, herufi ikinyooka ukurasa kwa ukurasa.

Denyse yumo. Mara nyingi ni mkono tu, umeshika jani, kucha zimejaa udongo. Lakini iko moja amekaa mtaroni, mdudu anatembea kidoleni mwake, naye anacheka bila kukuangalia. Fokasi iko pale pale inapotakiwa, mwanga laini, kofia imemtia kivuli cha kupendeza. Niliikalia hiyo muda mrefu. Ni picha nzuri ya mtu. Nimeitafuta hila ndani yake kwa kioo cha mama, nikakuta mwanamke anayempenda mdudu. Hata hivyo sijaimaliza, nakuambia ukweli. Wewe hujawahi kunipiga mimi hivyo, na najua kwa nini: nilikunyang'anya kamera.

Kisha akatoka yule wako wa rangi ya kiini cha yai.

Sijui nikwambieje. Nimesimamia maharusi wangapi wakivishwa, nikiambiwa kamata machozi ya mama, kamata pete, na sijawahi kupiga kitu kilichonifanya nisahau kwamba kuna mtu anasubiri uji nyumbani. Doa la kwanza linatokea kama moshi chini ya ngozi. Picha inayofuata limekuwa jeusi kidogo. Inayofuata kuna la pili. Rugema aliacha wateja wake akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Akauliza, "Nani kapiga hizi?" Nikasema, "Mume wangu," nikasikia wivu ukinichoma mpaka masikioni, kwa sababu moyo ulikuwa unataka kusema, mimi. Ndiyo hiyo, Janvier. Denyse nilikuwa namsingizia, nusu nzima. Wivu wenyewe ulikuwa huu, na ulianza siku ile ya kwanza uliponitumia yule mwekundu. Mguu ulikatwa, lakini picha ilikuwa nzuri. Niliiona ni nzuri kabla sijaona kofia yoyote. Hilo ndilo neno ulilolingoja wiki nzima nikakunyima.

Nimezichagua nane, nimezichapa kubwa, ziko kwenye bomba la plastiki analoleta Twahir. Chini nimeandika: Janvier Habumugisha, Gisenyi. Mpe Denyse kabla ya mkutano. Ile yake pia nimeichapa, mpelekee, nilikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mke wa mtu. Ila ukipiga nyingine kama ile kabla sijafika, tutaonana.

Sasa jambo la mwisho. Sikujua kwa nini Claudette afute kitu ambacho sikumtuma. Nimejua. Mwishoni mwa kadi yumo yeye, kwenye kiti changu cha wateja. Amevaa lile gauni langu la dhahabu la kuazimisha maharusi, na hereni zangu, bega wazi, anakutazama kwenye lenzi kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake nikiwa sebuleni. Picha saba.

Nikaikuza ya kwanza. Uso wa Claudette ni ukungu. Nikaikuza ya pili, ukungu zaidi. Nikasema, mume wangu amesahau kazi? Ndipo nikaona begani kwake kuna nzi. Nzi huyo, Janvier, ni mkali! Kila unywele unaonekana. Katika ya tatu umesogea. Katika ya tano Claudette amebaki sikio na hereni. Ya saba Claudette hayupo kabisa, kuna nzi peke yake, macho yake mawili kama madirisha ya kanisa, na nyuma yake rangi ya dhahabu tu, ndilo gauni langu.

Nimecheka nikalia. Mwanamke amejipamba hivyo, na kumbe wewe ulikuwa unafunga pumzi kwa ajili ya nzi.

Mama ameanza kutembea na fimbo. Kaka yangu anakuja wiki ijayo kunipokea zamu. Nenda kwa Claudette leo, chukua kamera. Mwambie ni amri ya mwenye studio.

Mke wako,
Kabatesi


Gisenyi, 3 Oktoba 2025

Mama Kirezi,

Bomba imefika kavu. Jana tulizitundika kwa ukuta ya koperative, na ile mvua nje, watu walijaa mpaka mulangoni. Walisukumana kwanza waone. Halafu muzee moja akatembeza kidole toka ya kwanza mpaka ya nane, akarudia, akauliza kama iko za kuuza. Mukagatare alisimama akawafundisha yeye, Denyse hakupata hata nafasi ya kuongea. Picha yake ameipokea. Alisema, "Muke wako ni mutu mugumu," nikasema ndiyo.

Ziwa imefunguliwa. Nitafanya boti siku za kazi, Jumamosi nitapanda juu. Ukitaka twende wote, tutatafuta piki ya pili. Utanionyesha namna ya kutokata muguu, na nitakuonyesha namna ya kungoja.

Nakushukuru kwa lile neno. Nimelisoma mbele ya boti nikajifanya niko naangalia injini.

Kamera nimechukua. Na yule hakuwa nzi, Kabatesi. Angalia tena ile ya saba. Ni mutoto wa vunjajungu, ametoka kwa yai siku ile ile, alipanda kwa gauni toka kwa pazia. Claudette alikuwa ananiambia, "Papa Kirezi, sogea karibu kidogo," na mi nilikuwa tayari nasogea.

Leo amepita kuuliza picha zake ziko wapi. Nimemwambia ziko Ngara, kwa muke wangu, na zimetoka nzuri sana.

Njoo,
Janvier